Mkuu Anataka Nimfute Mpiga Ngoma Kwenye Daftari la Shule

Admin, naomba usiweke jina langu wala la shule. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, karani wa sekondari moja mkoani Singida, upande wa Mkalama. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu na mkataba wa muda unaoisha mwezi ujao. Anayependekeza uongezwe au usiongezwe ni mkuu wa shule. Naandika kwa simu, mlango wa ofisi nimeurudishia, na kila nikisikia viatu barazani nazima kioo.

Shule yetu ilichaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye tamasha la muziki la vikundi vya wanafunzi, katika ukumbi mkubwa ambao wengi wetu tulikuwa tumeuona kwenye televisheni tu. Tulichaguliwa kwa sababu ya video moja. Anayeongoza ngoma kwenye video hiyo ni msichana wa kidato cha tatu, nitamwita Mariamu. Akianza kupiga, hata wapishi wanaacha sufuria na kuja dirishani. Mtu mwenye akili angempeleka Mariamu na wenzake, basi. Mkuu wetu ana vyeti vimejaa ukutani, akili sijui aliiacha chuo gani.

Alisema kundi la watoto watupu halina uzito. Akaleta wanaume watatu wa kwaya ya mjini, mmoja wao shemeji yake. Watu wa namna hiyo tunawaita mamluki, na kwenye michezo ya shule tumewazoea. Kwenye muziki ndiyo nilikuwa nawaona mara ya kwanza. Ili waingie, Mariamu na wavulana wawili wakaondolewa. Kilichonichefua zaidi ni kwamba Mariamu aliamriwa kwanza awafundishe mapigo. Akawafundisha wiki tatu nzima. "Siyo hivyo kaka, mkono wa kushoto unachelewa," anawaambia kwa adabu, nao wanachekacheka kama watu waliokwenda harusini.

Orodha ya washiriki niliichapa mimi. Wale wanaume watatu niliwaandikia miaka kumi na saba kila mmoja, nikagonga muhuri. Hilo ni langu, simsingizii mtu.

Nilisafiri nao kama mlezi wa wasichana. Ukumbini kulikuwa na vikundi vya kila aina: watoto wa violini, wa matarumbeta, wa marimba, wamekaa wima wakisubiri zamu kwa nidhamu iliyonitia aibu. Na sisi, katikati ya watoto wetu, tuna wanaume watatu wenye vitambi, mashati ya shule yamekataa kufunga vifungo, ndevu zimenyolewa mpaka kidevu kimebadilika rangi. Mkuu alikuwa anawatazama kama mtu aliyebuni ndege.

Tukiwa kwenye foleni ya kupanda jukwaani, kasichana kamoja kenye violini, labda miaka tisa, kakapita mbele ya shemeji, kakainamisha kichwa. "Shikamoo."

Na lile jitu, na sare yake mwilini, likaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Mama mmoja wa kamati alikuwa amesimama palepale na karatasi zake. "Wewe kijana, upo kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, mama."

"Na huyu mwanao yupo darasa la ngapi?"

Wanafunzi wetu wakaangua kicheko. Mkuu akajipenyeza, "Ni mchangamfu tu huyu, madamu, ndivyo alivyo." Tukapanda. Wakapiga mapigo ya Mariamu, kushoto kukichelewa vilevile, wasikilizaji wakapiga makofi ya heshima, tukashuka.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Kamati inataka nakala za daftari la uandikishaji, kurasa zenye majina ya washiriki wetu wote. Mkuu akaniita, akaweka mezani daftari jipya, tupu.

"Binti yangu, una mwandiko mzuri. Nakili lote humu. Hawa vijana watatu uwaweke kwenye namba za wale walioachwa."

"Na wale, mkuu, niwaandike wapi?"

"Mariamu si alipotea wakati wa kuvuna alizeti? Andika ameacha shule. Hao wengine wamehama."

Mariamu alikosa siku nane akimsaidia mama yake shambani, kisha akarudi. Nikamwambia, "Lakini mkuu, sasa hivi yupo darasani. Bila namba hatasajiliwa mtihani mwakani."

"Wewe uliajiriwa kuandika au kufikiri? Jumatatu nalikuta hapa."

Anayeniuliza kuhusu kufikiri ndiye aliyemvalisha shemeji yake sare ya shule.

Ningekuwa jasiri ningekataa palepale. Nilisema "sawa mkuu", nikabeba daftari. Nikienda kwa afisa elimu, ule muhuri kwenye orodha ya kwanza niliugonga mimi, nitakamatwa mimi kwanza. Mkuu atasema alidanganywa na karani, na ataaminiwa, maana ana tai. Nikinyamaza na kukataa kuandika, mkataba umeisha, narudi Iguguno kwa baba, ambaye kila mgeni humwambia binti yake anafanya kazi ofisini. Namdharau mkuu, lakini yeye angalau hatetemeki. Mimi natetemeka na bado naandika.

Jana Mariamu alikuja ofisini. "Shikamoo dada." Nikamwitikia. Akauliza kama kwenye usajili wa mwakani jina la babu yake litaandikwa pia, kwa sababu mama yake anataka liwepo kwenye cheti. Nikamwambia litaandikwa. Akashukuru, akaondoka. Daftari jipya lilikuwa wazi mbele yangu muda wote huo. Nimeshanakili kurasa nne, na jina lake lipo ukurasa wa tano.

Ndugu zangu, mtakaonitukana nitawasoma wote, nastahili. Ila mwenye kujua njia aniambie kabla ya Jumatatu: kwenye mstari wa Mariamu niandike nini?