Chumba cha Kulipia, Bariadi

Nilishuka Bariadi kutoka kwenye lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, nikiwa na sanduku la bati, stovu ya mafuta ya taa, na maringo ya msichana wa Tabora aliyetoka kuhitimu ukunga. Kazi ilikuwepo, nyumba haikuwepo. Mganga wa zahanati alinionyesha benchi la wagonjwa, akaniambia nijibanze hapo mpaka nipate pa kukaa, ila nisikawie.

Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja wa maduka, na nyuma yake udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Mwenye duka la nguo alikuwa na chumba kizuri cha sakafu ya saruji, lakini kodi yake ingemeza mshahara wangu nikabaki na hela ya sabuni. Fundi cherehani aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nilipomwambia sina, akaendelea kushona kana kwamba nimeshaondoka. Mama mmoja alisema chumba kipo, kisha aliposikia nitakaa peke yangu, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Nilijua walivyonifikiria. Jioni hiyo nililia kwenye benchi langu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mwishowe, kule nyumba zilikokoma na mashamba kuanza, mzee mmoja alinionyesha chumba alichokuwa akiwekea pamba. Nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimenasa kwenye ukuta wa udongo. Nikauliza kodi.

"Kodi ya nini?" akasema. "Wewe ni mgeni. Kaa tu. Utakula na mama yako hapa."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ng'ambo ya ua, akitabasamu.

Mimi nililelewa na shangazi aliyenikumbusha kila tonge nililokula kwake, na nilikuwa nimeapa sitakula tena kwa hisani ya mtu. Nilitaka mlango wangu mwenyewe. Nikasema nitalipa kila mwezi na nitapika mwenyewe. Mzee alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Walikubali shilingi chache, bila furaha, nami nikafurahi kama niliyenunua nyumba nzima.

Hakuna aliyenitendea vibaya. Asubuhi nilimwambia yule mama, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, jioni nikamwambia, "Mwadila," akaitikia, basi. Baada ya hapo nilifunga mlango wangu nikasikiliza stovu ikivuma. Ng'ambo ya ua walicheka kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuielewa, nami nikafunika sufuria chakula kikiwa nusu.

Kila asubuhi wanawake wa jirani walipita mbele ya mlango wangu na vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakienda kwa mayu kuomba kaa la moto. Walikaa huko muda mrefu kuliko kaa linavyohitaji. Mimi nilikuwa na kibiriti. Niliwaonea huruma, watu wazima kuhangaika hivyo kwa kitu kinachouzwa dukani kwa senti.

Kisha masika yakakata barabara. Madukani vibiriti vikaisha, na changu kikalowa. Nikavuka ua.

"Hodi, mayu. Naomba moto."

Uso wake ulifunguka. Alichagua kaa kubwa kuliko yote, akalishika kwa vidole, akaliweka kwenye kigae na kulipuliza. Akanisogezea kigoda. Nikamwambia asante, nimechelewa kazini. Chumbani nililipuliza kwenye karatasi mpaka ikashika, nikawasha stovu, kisha nikalitupa nje kwenye matope.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwangu na kigae kitupu.

"Ng'wanone," akaniita, yaani mwanangu, "nipe moto."

Kaa la kumpa sikuwa nalo. Kibiriti changu nilikuwa nimekianika juu ya stovu kikakauka, nikampa chote, tena nikajiona mkarimu. Alikigeuzageuza mkononi, akakiweka taratibu kwenye kizingiti, akarudi kwake na kigae chake kitupu. Nilimfuata kwa macho. Juu ya jiko lake moshi ulikuwa umetanda. Moto alikuwa nao tangu alfajiri.

Siku hiyohiyo nikatafuta mafiga matatu. Nikawa napikia kuni, machozi yakinitoka kwa moshi, na kila nikimaliza kupika nafukia makaa kwenye majivu yasizimike. Hakuja. Tulisalimiana kama zamani. Mara nyingi nilitaka kumwita, lakini unamwitaje mtu aje akuombe? Nilikaa hivyo msimu mzima wa pamba, hadi nikahamishiwa kituo kingine.

Siku ya kuondoka, sanduku likiwa tayari limepakiwa kwenye lori, nilivuka ua tena.

"Mayu, naondoka. Moto wangu unabaki peke yake."

Aliinuka, akachukua kigae, akaingia chumbani mwangu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akafukua majivu, akachagua kaa moja. Kisha, badala ya kuondoka, akakaa chini. Nami nikakaa. Dereva alipiga honi, akapiga tena, hatukuinuka. Aliponyanyuka hatimaye, alilipeleka kaa langu jikoni kwake, ambako moshi ulikuwa unafuka tangu asubuhi.