Tela la Nyuma

Juzi niliwapeleka wajukuu zangu kwenye uwanja wa michezo. Kutoka maegesho ya magari tulipanda matela ya viti yanayovutwa na trekta, na vyuma vyake vilipogongana nikaikumbuka alasiri tuliyofika Maskati kutoka Unguja.

Bandarini palinuka papa mkavu na dizeli. Mimi na Mama tulipandishwa juu ya mizigo, kwenye tela la mbele kati ya mawili yaliyovutwa na trekta.

"Mama, Baba yuwapi?"

"Yuko nyuma, mwanangu. Anakuja."

Nikageuka. Tela la nyuma lilijaa wanaume waliojifunika nyuso kwa vitambaa kujikinga na vumbi, nikaamini Baba ni mmoja wao. Kila tulipokata kona, magurudumu yao yalikanyaga palepale yalipopita yetu, bila dereva wa kuyaongoza. Nikajua kilichofungwa nyuma yetu hakiwezi kupotea. Nikapunga mkono njia nzima, na mmoja wao akanipungia.

Tuliposimama nikamkimbilia. Akafunua uso: mzee nisiyemjua. Akanishika kichwa taratibu, akamwambia Mama, "Huyu anamtaka babake."

Mama akatazama kando. Sasa najua habari ya kifo cha Baba aliipata kabla hatujapanda meli, na hakuwa na pa kuililia.

Nilipouliza tena alinijibu vilevile, yuko nyuma. Basi nikakaa kando ya njia. Trekta likaenda bandarini na kurudi, likaenda na kurudi, mpaka dereva alipoyafungua matela, akanawa mikono, akaenda kwao.