Wiki Saba Simu Ikiwa Dukani

Mdogo wangu alizaliwa anasikia. Alipokuwa na miaka miwili alipata homa kali iliyomlaza wiki nzima, na alipoinuka hakugeuka tena alipoitwa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Pale kwetu Kaole hakukuwa na mtu aliyejua lugha ya alama, kwa hiyo tulijitungia ya kwetu. Kupitisha kidole kwenye nyusi ilikuwa mama, kwa sababu mama alikuwa na nyusi nene. Ngumi inayofumbuka ghafla ilikuwa maumivu: ukiiweka tumboni, tumbo linauma, ukiiweka shavuni, jino. Kiganja kikipita mbele ya macho kilikuwa giza.

Shule aliiacha darasa la tatu, maana alikaa nyuma ya darasa akitazama midomo ya watu mpaka akachoka. Kusoma alijua jina lake na langu tu. Alipokua aliolewa Mkange na mkulima wa ufuta, mtu mpole, ambaye alijifunza alama za salamu, kula, kulala, twende na pole, na ya jina langu. Zilizobaki, mamia kwa mamia, tulikuwa nazo sisi wawili peke yetu.

Ndiyo maana nilimchukulia simu kubwa ya mkopo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo mjini. Mkataba niliuandika kwa jina langu, miezi kumi na miwili, na waranti ya miezi hiyo hiyo. Kila siku baada ya swala ya alasiri aliiegemeza simu kwenye kinu cha uani ili mikono yote miwili iwe huru, nasi tukazungumza kwa video. Alikuwa msimuliaji hodari. Aliweza kuniigizia ugomvi wa majirani mpaka nikatambua nani ni nani, watu ambao sijawahi kuwaona.

Mwezi wa tano wa mkataba simu ikaanza kuchemka. Picha ilikaa dakika chache, kisha kioo kikawa cheusi. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Siku ilipozima moja kwa moja alikuwa ananionyesha kitambaa alichomnunulia mtoto, cha manjano, amekishika kwa pembe mbili. Shemeji akaja Bagamoyo na ile simu ndani ya mfuko wa plastiki, nami nikaipeleka dukani mchana ule ule.

Binti wa mapokezi aliipokea vizuri tu. "Inakwenda kwa mafundi Dar, mwalimu. Siku kumi na nne."

"Basi niazimeni nyingine. Mwenye simu ni kiziwi, hana njia nyingine ya kusema na mimi."

"Hatuna utaratibu huo. Utanisamehe."

Wiki mbili zikawa tatu. Nilipokwenda mara ya nne akanisomea jibu kwenye kompyuta. "Wamesema imeingia maji. Kuna alama ndani, imegeuka nyekundu. Kwa hiyo waranti haihusiki."

"Imeingia maji wapi? Anakaa Mkange, simu haitoki uani."

"Mimi naambiwa tu, mwalimu."

"Na malipo ya kila mwezi?"

Akainamisha kichwa. "Hayo yanaendelea."

Mwalimu mwenzangu, ambaye alishawahi kugombana na duka kwa ajili ya jokofu, alisoma mkataba wangu mstari kwa mstari tukiwa chumba cha walimu. Akasema, "Usibembeleze. Wadai ripoti ya fundi kwa maandishi. Wao ndio waoneshe hayo maji yaliingia vipi. Nakala peleka kwenye ofisi ya serikali inayotetea walaji."

Nikaandika barua. Niliiandika mara tatu, nikachagua maneno, nikaambatanisha kivuli cha mkataba na risiti. Lazima niseme kweli: niliifurahia ile barua. Nilijiona mtu anayejua haki yake. Nakala niliituma kwenye ofisi ile ya serikali, na nilipoipeleka dukani nilidai wanigongee muhuri wa kupokelewa, nikatoka nimenyoosha shingo.

Na katika siku zile zote ningeweza kupanda basi. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, wanafunzi wangu walikuwa kwenye mitihani, na kila wiki dukani niliambiwa wiki ijayo. Nikajiambia nitakwenda shule zikifungwa. Nilikuwa nampigia shemeji kwenye simu yake ya vitufe.

"Mzima huyo?"

"Mzima, shemeji. Miguu imevimba kidogo tu."

"Mwambie namsalimia."

"Namwambia."

Lakini angemwambia vipi? Alama ya jina langu aliijua, ya salamu aliijua. Hakuwa na alama ya kumuuliza unajisikiaje, wala ya kuelewa angejibiwa nini. Mimi nami nina watoto watatu, na miguu yangu ilivimba mimba zote. Nikaipokea habari ile kama habari njema.

Wiki ya saba, wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, shemeji akanipigia.

"Shemeji, uko wapi?"

"Shuleni."

"Umekaa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki mkononi. Akaniambia kwamba alfajiri mdogo wangu alianza kutetemeka mwili mzima, meno yamekaza. Walimfikisha zahanati, muuguzi akasema ni kifafa cha mimba, akatafuta gari la kumpeleka hospitali. Amefia njiani. Na mtoto pia.

Tulimzika Mkange siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Siku ya pili ya matanga mama mkwe wake akaja kukaa karibu yangu kwenye mkeka. Ni mama wa makamo, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Mwanangu," akasema, "kuna kitu nataka kukuuliza wewe, maana hapa hakuna aliyekijua. Siku tatu zile za mwisho alikuwa anafanya hivi." Akaweka ngumi kwenye paji la uso, akaifumbua. Akairudia. Kisha akapitisha kiganja mbele ya macho yake. "Kila saa hivi. Tulidhani anasema jua kali. Tukamhamishia kivulini."

Nilielewa mara moja. Kichwa kinaniuma sana, macho yanaingia giza. Kwa mimba ile na miguu ile, hata mimi mwalimu wa hesabu ningewaambia wamkimbize hospitali.

Mama wa watu alikuwa ananitazama, anasubiri. Nikamwambia alikuwa anasema amechoka. Akashika mkono wangu, akasema, "Basi afadhali." Ukweli sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Mwezi mmoja baadaye duka likanipigia. Ofisi ile ya serikali ilikuwa imewaandikia, fundi mwingine akaifungua simu, na haikuwa na maji. Ilikuwa na kasoro ya betri tangu kiwandani. Nikaitwa kuchukua mpya. Yule binti alinipongeza. "Umeshinda, mwalimu. Wengi hukata tamaa." Akanipa fomu. Chini kabisa iliandikwa: nimepokea na nimeridhika. Nikalikata neno la mwisho kwa kalamu, nikatia sahihi.

"Ukikata hivi mfumo haukubali," akasema taratibu, akachapa nyingine.

Nikalikata tena. Akaniuliza huduma ilikuwa na tatizo gani, na kwa mara ya kwanza nikamwambia. Nilisema polepole, bila hasira, habari ya mdogo wangu na ile ngumi. Binti aliichukua fomu kama ilivyo, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye faili, kisha akakaa akiwa amefunika mdomo kwa mtandio huku mteja aliyenifuata anamsubiri.