Imondo ya Baba Mkwe

Ukweni kwangu Shinyalu kila mtu ni daktari, isipokuwa daktari mwenyewe. Binti yangu alifika miaka minne bila kutamka neno. Shemeji mmoja akasema ni mayai niliyokula nikiwa na mimba. Mwingine akasema ni simu. Mama mkwe, bingwa wao, akagundua kwamba ulimi wa mtoto umefungwa kwa chini, akapata mzee huko Khayega wa kuukata kwa wembe. Tungeenda Jumatatu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wangu hakulilia kitu, wembe akatafutiwa. Niliogopa.

Mtaalamu wa matamshi pale mjini, msichana anayeketi sakafuni na magari ya plastiki, alikuwa ameshasema ulimi ni mzima na masikio ni mazima. Shida ni sisi, tunampa mtoto kila kitu kabla hajaomba. Shikilia kitu, mtazame, ngoja. Akitoa sauti yoyote mpe papo hapo, asije akaona kuomba hakuna faida. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Eti na masomo yangu yote, naenda mjini kufundishwa kumnyima mtoto chakula.

Jumapili tukala ingokho, kuku wa kienyeji. Imondo, yaani firigisi ya kuku, ikatua kwenye sahani ya baba mkwe kama kawaida. Kwao imondo ni ya mwenye boma; mwanamke huipika, huinusa, akamshukuru Mungu. Binti yangu akasimama mbele ya babu yake, akainyooshea kidole. Nyanya yake, upesi kama zimamoto, tayari anamletea paja. Nikamshika mkono. Naam, mimi, mke wa mwanawe, nikamshika mama mkwe mkono mbele ya watu na kumwomba angoje.

Tukangoja. Obusuma, ugali wetu, ukapoa. Mtoto akamtazama babu, akatazama sahani, midomo ikahangaika.

"Pe," akasema.

Neno la kwanza maishani, na limeenda kugonga mwiko! Kuigusa sahani ya baba mkwe siwezi, basi nikabaki kumlaani kuku moyoni. Mzee akatabasamu, akaeleza kwa upole kwamba mtoto wa kike hali imondo, apewe paja. Kidole cha mtoto kikaanza kushuka. Nilitaka kulia.

Mama mkwe akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Mpe, mzee," akasema. "Mimi nimekupikia hiyo tangu nije hapa, na sijawahi kuomba."

Mzee akaiangalia imondo, kisha akaiweka kwenye kiganja cha mjukuu wake. Safari ya Khayega ikafia hapo hapo mezani. Mama mkwe alimtazama mtoto akitafuna mpaka akameza, halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, ina ladha gani. Nikamwambia sijui. Hata kwetu ilikuwa ya baba.