Msibani Haifunguliwi Barua

Barua ile ilikaa mfukoni mwa kanzu yangu kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Naanza na hilo kwa sababu nikianzia kwingine nitatafuta njia ya kulizunguka, na umri wangu hauniruhusu tena kuzunguka.

Mimi ni imamu wa msikiti mdogo katika kata ya Mazingara, na ubavuni mwa msikiti nafundisha watoto Kurani. Kwa hiyo kijijini wananiita Mwalimu, ingawa shule ya serikali ina walimu wake. Mwenyezi Mungu amenipa mengi. Macho yangu bado yanasoma, magoti bado yanakubali kusujudu. Namshukuru kwa yote, na hata kwa hili ninaloliandika namshukuru, maana hakuniacha nilisahau.

Afisa elimu aliyeletwa wilayani kwetu miaka hiyo alikuwa mama wa Kishambaa, mzaliwa wa milima ya Lutindi, Mkristo, mwenye sauti ya taratibu. Waliomtangulia walibandika matangazo yao kwenye ubao wa shule, mvua ikayasoma kabla yetu. Yeye alipofika mara ya kwanza aliuliza swali moja: "Hapa watu hukusanyika wapi bila kuitwa?" Tukamwambia, Waislamu msikitini siku ya Ijumaa, na Wakristo wachache kanisani Jumapili. Tangu siku hiyo kila neno lake kwa wazazi liliandikwa mara mbili, barua moja kwangu na moja kwa mwinjilisti. Yangu niliisoma baada ya swala ya Ijumaa, kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa, kisha nikairudia kwa Kizigua kwa ajili ya wazee.

Barua zake hazikuwa na ukali wa ofisi. Alianza na "Wazazi wenzangu", akauliza hali ya mahindi, kisha akaingia kwenye jambo: mlango wa choo cha wasichana umevunjika, fundi ni nani? Watoto wa darasa la tano wanapotea wakati wa kupalilia, je, shamba la mwaka huu litakula miaka yao yote? Watu walizizoea, wakazisubiri. Siku moja alipokuja mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi, mzee mmoja alisimama akamwambia, "Mama, barua zako ni ndefu kuliko hotuba ya Mwalimu."

"Basi mwombeni Shehe apunguze hotuba, tugawane muda," akajibu.

"Apunguze huyu? Huyu akianza na Nabii Nuhu, mpaka safina itie nanga!"

Aliyecheka kuliko wote siku ile alikuwa muadhini wangu. Tulikuwa marafiki tangu utoto. Alilima mahindi na ufuta, na sauti yake ya adhana ilifika hadi ng'ambo ya mto bila kipaza sauti. Alikuwa na binti kitinda mimba aliyemaliza darasa la saba kwa alama ambazo shule yetu haikuwahi kuziona. Msichana huyo alitaka kuwa muuguzi. Aliwahi kunifunga kidonda cha mguu kwa kitambaa alichokichemsha kwanza kwenye sufuria, na nilipomuuliza kwa nini anakipika kitambaa kama mhogo, alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto.

Majina ya kidato cha kwanza yalipotoka, alipangiwa sekondari ya kata, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Maabara ilikuwa haina kitu, na mwalimu wa sayansi hakuwapo. Baba yake hakulalamika. Ila mwanzoni mwa Januari alikwenda Korogwe, akarudi na sanduku jipya la bati, la buluu, alilolinunua kwenye duka la Mhindi karibu na stendi.

"Unahama?" nikamuuliza.

"Litafaa tu, Mwalimu."

"Sanduku lote hilo kwa kanzu mbili?"

"Ya tatu nitaazima kwako." Akacheka, akalibeba kichwani kwenda nalo ndani.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano asubuhi, alianguka shambani akiwa na jembe mkononi. Hatukuwahi hata kumfikisha zahanati. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Tulimwosha, tukamzika baada ya alasiri. Mkewe aliingia eda siku hiyohiyo. Simu ya marehemu ilizimwa, ikawekwa pamoja na kofia yake ndani ya lile sanduku la buluu, kwa kuwa ndicho kitu pekee nyumbani kilichokuwa na kufuli.

Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, mwendesha bodaboda alinikabidhi bahasha. Niliujua mwandiko. Juu yake iliandikwa kwamba ni ya Imamu, kwa ajili ya wazazi. Nikaitia mfukoni.

Lazima nieleze kwa nini sikuifungua. Kwetu barua haifunguliwi msibani mpaka tanga lianuliwe, yaani mpaka siku za matanga ziishe. Babu zetu walilianzisha hilo wakati vijana wa huku walipokuwa wakienda kukata mkonge Mazinde na mashamba mengine ya Korogwe. Inasimuliwa kwamba mama mmoja alikuwa akimlilia mwanawe wa kwanza, barua ikaja, wakaisoma mbele yake palepale. Ilikuwa inaleta habari ya kifo cha mwanawe wa pili. Mama yule hakuinuka tena. Ndipo wazee wakasema, anayelia asiongezewe. Habari ya nje isubiri. Nimelea watoto wawili wa kiume na wanafunzi wasio na idadi katika adabu hiyo, na niliiona nzuri. Hata sasa sisemi ilikuwa mbaya.

Ijumaa ilifika. Watu walijaa mpaka nje kwa sababu ya marehemu. Mtu mwingine alitoa adhana, na sauti yake haikuvuka hata uwanja. Baada ya swala mzee mmoja aliuliza, "Leo hakuna barua ya mama wa Lutindi?"

Nikaigusa mfukoni. "Ipo," nikasema. "Lakini tuna msiba."

"Ni kweli," wakaitikia. "Isubiri."

Hapakuwa na aliyeona vibaya. Mimi mwenyewe nilidhani ni habari ya madawati, au choo.

Jumamosi tulisoma hitima, tukaanua tanga. Watu walipokuwa wakikunja mikeka niliketi kwenye ngazi ya msikiti, nikaifungua. Barua hiyo haikuuliza hali ya mahindi. Ilisema kwamba nafasi moja imepatikana katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Korogwe, chini ya milima, shule yenye maabara na walimu kamili. Nafasi hiyo ameombewa binti wa muadhini. Mzazi au mlezi afike naye ofisini kusaini kabla ya ofisi kufungwa siku ya Ijumaa, la sivyo itapewa jina linalofuata. Mwisho aliniomba: "Shehe, nakuomba uifikishe siku hiyohiyo."

Niliisoma mara tatu. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Ijumaa tulitoka msikitini saa saba na nusu. Kutoka kwetu hadi Handeni mjini ni saa mbili kwa pikipiki, kama barabara ni kavu, na wiki ile ilikuwa kavu. Mwenyezi Mungu alinipa saa mbili kamili, na mimi nikazigusa kwa mkono nikazirudisha mfukoni.

Jumatatu mimi na mjomba wa msichana tulipanda basi la alfajiri. Msichana tulikuwa naye, amevaa sare ya shule ya msingi kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya kuingilia ofisini. Afisa elimu aliposikia tupo nje alitoka mwenyewe mlangoni.

"Shikamoo, Shehe. Nimepiga simu ya baba yake mara nne. Haipatikani. Yuko wapi?"

"Tumemzika Jumatano."

Alishika fremu ya mlango. Alimtazama msichana, akamvuta kifuani. Kisha akatuingiza ndani, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, na habari ya barua na tanga. Sikuficha.

"Nafasi?" akauliza mjomba.

"Waliitaka orodha Ijumaa jioni. Nilikaa hapa mpaka saa kumi na moja, nikidhani labda basi limeharibika. Leo asubuhi nimewapigia tena, nikawasihi. Mtoto mwingine ameshapokelewa, na ni mtoto wa maskini vilevile. Siwezi kumtoa."

Hapo nikafumba macho.

"Marehemu hakukwambia, Shehe?" akauliza. "Nilimdokeza kwenye mkutano wa Desemba kwamba naipigania nafasi hiyo. Nikamwomba asiseme kwa mtu, nisije nikampa mtoto tumaini la bure."

"Hakuniambia. Alinunua sanduku tu."

Ndipo msichana akalia. Siku zote za msiba nilimwona anapokea maji, anapeleka mikeka, uso wake umekaza. Pale alilia kwa sauti, na sikujua kama analilia sanduku, au baba, au shule. Afisa elimu alizunguka meza, akapiga magoti sakafuni kando ya kiti chake. "Kosa ni langu," akawa anasema. "Ningeandika juu ya bahasha kwamba ni ya haraka. Ningekuja mwenyewe."

"Mama," nikamwambia, "usininyang'anye kosa langu."

Tuliporudi nilikwenda kwa mjane. Yuko edani, siwezi kukaa naye uso kwa uso, kwa hiyo niliketi kwenye kiti cha uani, yeye yuko nyuma ya pazia la mlango. Nilimsimulia yote nikiwa naongea na kitambaa chenye maua. Kuku walipita baina yetu.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "ungeifungua barua ile Jumatano, mimi mwenyewe ningesema huna adabu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usiniombe nisiumie."

Ijumaa iliyofuata sikuzungumzia Nabii yeyote. Nilisimama nikawaambia watu kwamba nilipewa amana, nikaizuia mpaka ikaoza mikononi mwangu, na aliyedhulumiwa ni yatima. Nikaomba tukubaliane kwamba barua ya shule ifunguliwe siku inayofika, hata kama maiti yuko ndani. Wazee walinong'ona. Yule mzee mtani wa barua ndefu akasema, "Tutavunja la babu zetu kwa ajili ya karatasi?" Mwingine akamjibu, "Babu zetu walimhurumia anayelia. Huyu mtoto halii?" Wakakubali. Tukasoma fatiha.

Msichana alikwenda sekondari ya kata. Kwa miaka minne nilipotoka swala ya alfajiri nilimwona akipita na wenzake wawili, viatu mkononi ili visichakae kwa umande. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Hakuwahi kupita bila kunisalimu, na kila salamu ilinipata palepale. Mwalimu wa fizikia alikuja msichana akiwa kidato cha tatu, akakaa muhula mmoja, akahamishwa. Msichana alimaliza kwa daraja la nne. Kwa daraja hilo na alama zake za sayansi, chuo cha uuguzi hakikumpokea. Siku matokeo yalipotoka alikuja kuniambia mwenyewe, kabla sijasikia kwa watu. "Babu, usiumie," akasema. Mtoto wa baba yake kabisa.

Sasa yupo nyumbani. Analima na mama yake, na jioni ananisaidia kufundisha watoto wadogo madrasa. Wakianguka wakajikwaruza, anachemsha kitambaa. Afisa elimu alihamishiwa mkoa mwingine. Alikuja kuaga, akazuru kaburi la muadhini, mimi nikaomba dua kwa njia yangu naye akainamisha kichwa kwa njia yake. Mnara mpya wa simu umejengwa, na matangazo ya shule huingia kwenye simu za vijana. Lakini wengi wetu tuna simu ndogo za tochi, kwa hiyo aliyempokea ofisi ameendelea kutuletea barua.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, mke wangu alifariki. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, na aliondoka kwa upole, alhamdulillah. Siku ya pili ya tanga, tukiwa tumeketi kwenye mikeka, bodaboda ikasimama na bahasha ya shule ikaletwa. Watu walitazama chini. Aliyeipokea aliishika kama kaa la moto, akanitazama mimi, mfiwa.

"Mwiteni binti wa muadhini," nikasema.

Akaja kutoka jikoni, mikono ina unga. Akaifuta kwenye kanga, akafungua bahasha, akasimama pembeni ya mikeka akasoma. Ilikuwa habari ya kawaida tu: watoto waliofikia umri waandikishwe darasa la kwanza, waje na cheti cha kuzaliwa, asiye na cheti aje hivyohivyo atasaidiwa. Alisoma taratibu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kizigua kwa ajili ya wazee, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nilimsikiliza nikawa namlilia mke wangu na baba yake kwa pamoja.

Alipomaliza akaikunja karatasi.

"Mwisho wa kuandikisha ni lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa, babu."

"Wasomee tena hapo."

Akaikunjua, akawasomea tena.