Mchungaji wa Nini?

Kuna nyumba moja ya Mungu Kavimvira ambayo hadi leo siwezi kupita mbele yake nikiwa nimeinua kichwa. Nikikaribia pale nashuka njia ya ziwani, nazungukia kwenye matete, natokea upande wa pili viatu vimelowa, na wanaonijua wanacheka kwa sababu wanajua nakimbia nini. Nakimbia neno moja. Kwa kuwa mmenibana nisimulie, nasimulia, ila mtu asinitazame usoni.

Ilikuwa wakati wa uasi. Uhuru tulikuwa tumeuchezea ngoma juzi tu, vumbi la miguu halijatua vizuri, mara watu wenye bunduki wakaingia uwanda wa Ruzizi, wengine wakisema wamekuja kutukomboa, wengine wakisema wamekuja kutukomboa kutoka kwa hao wa kwanza (sisi tuliona tu kwamba wote walipenda nyama). Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wa tajiri mmoja pale Luberizi. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, mimi ndiye mkubwa, shule niliiacha kabla sijazoea kuandika kwa wino, na nilikuwa na wadogo zangu wawili wa kike, Bahati na Furaha. Siku ng'ombe walipochukuliwa wote, nilibaki na fimbo mkononi na zizi tupu, nikavaa koti jeusi la marehemu baba lililonifika magotini, nikambeba Furaha mgongoni, Bahati akabeba sufuria, tukashika barabara ya Uvira ili tuvukie Burundi.

Tukafika Kavimvira tukakuta mpaka umefungwa, mvua inanyesha, na Furaha anawaka homa mpaka naisikia kupitia koti. Wakimbizi walikuwa wamejaa kwenye kiwanja cha kanisa dogo la Waprotestanti, wamejibana chini ya ukingo wa paa. Pasteri wa pale alikuwa amepanda milimani kutazama waumini wake na hakuwa amerudi. Aliyepanga watu alikuwa mjane mmoja, Mama Esteri, mwenye sauti iliyoshinda mvua, akimuuliza kila anayeingia anafanya kazi gani, ili ajue nani atachota maji na nani atapasua kuni.

"Na weye, unafanyaka kazi gani?"

"Minye ni muchungaji," nikasema.

Hapo sikudanganya, naapa. Kwetu tulikuwa Wakatoliki, na mtu wa Mungu kwetu aliitwa padri, basi. Mchungaji, kwa masikio yangu, alikuwa mtu anayenuka maziwa na mavi ya ng'ombe. Lakini Mama Esteri alilitazama koti, akaitazama fimbo, akanyamaza kidogo (jambo ambalo baadaye niliambiwa halikuwa la kawaida), kisha akampokea Bahati sufuria kwa mikono miwili.

"Pasteri, sasa mbona unasimama mu mvua?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nafasi ilikuwepo, tena pana, na ulimi nilikuwa nao. Lakini alikuwa amekwisha kutangulia kufungua chumba nyuma ya kanisa, chumba cha pasteri wao, chenye kitanda cha kamba na blanketi zito, nami nikawaza: mtoto alale kwanza, nitasema asubuhi.

Asubuhi wakaleta kuku.

Sikilizeni, mtu aliyetembea na njaa kutoka Luberizi, umpe kuku na ugali wa muhogo, halafu utegemee aanze kueleza mambo ya ng'ombe? Wakaniomba niombee chakula. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye paji la uso, ukashuka kifuani kufanya ishara ya msalaba, na ulipofika begani nikaona macho yao, nikakumbuka niko kwa nani, nikaumalizia kwa kufukuza nzi. Nzi hakuwepo. Wakasema amina hata hivyo.

Nikawa pasteri. Sikujiita mimi, lakini nilikuwa naitika. Wakitaka nisome Biblia nilisingizia macho, wakitaka nihubiri nilisingizia koo, na Mama Esteri akawa ananichemshia tangawizi kwa ajili ya koo ambalo lilikuwa zima kabisa. Kila jioni nilijiambia kesho, na kila kesho nilimgusa Furaha kwenye shingo, nikaona moto umepungua kidogo, nikaogopa kumtoa kwenye lile blanketi.

Kisha kukatokea habari kwamba mpaka utafunguliwa. Kulikuwa na kijana na msichana waliokuwa wachumba tangu kijijini kwao, na mama wa msichana alikuwa amesema wazi kwamba mwanawe hatavuka maji na mwanamume bila kubarikiwa kanisani, afadhali wabaki wote hapa wafe wote. Wakanijia. Nikataja koo. Mama Esteri akaniambia mbele yao kwamba koo la kumaliza kuku haliwezi kushindwa na baraka fupi.

Basi mnione nimesimama mbele ya kanisa lililojaa, na koti la baba, jasho linashuka mgongoni, vijana wawili wamepiga magoti. Sala niliyoijua vizuri ilikuwa Salamu Maria, na hata mimi nilijua kwamba pale haifai. Kichwa kikawa cheupe. Nikatafuta maneno yoyote ya kumkaribisha mtu mahali papya, nikapata yale tu tuliyokuwa tukiyasema jioni ya kwanza ng'ombe mgeni anapoingizwa zizini. Nikanyoosha fimbo juu ya kichwa cha yule msichana nikasema, kwa sauti nzito, kwamba umekuja kwetu, majani ni yako, maji ni yako, usipige wenzako pembe, usirudi ulikotoka, na uzae majike.

Shangazi mmoja alisema amina ya kwanza, polepole, kama mtu anayekanyaga daraja bovu, wengine wakamfuata. Nami nilipoinua macho nikaona mlangoni mtu mwembamba aliyevaa buti za mpira, matope mpaka magotini, mkononi ana fimbo kama yangu. Nikafikiri ni mwenzangu wa ng'ombe, nikafurahi. Watu wote wakasimama.

"Pasteri amerudi," akasema Mama Esteri, kisha akanigeukia mimi, kisha akamgeukia yeye, na nikaona hesabu inakataa usoni mwake.

Yule pasteri akanisalimu vizuri tu, akaniuliza nimesomea wapi uchungaji.

"Luberizi."

"Luberizi hakuna chuo."

"Kuna ng'ombe," nikasema.

Kicheko cha siku ile bado nakisikia. Kilianza kwa watoto, kikapanda kwa wazee, mpaka bwana harusi aliyepiga magoti akaanza kutikisika mabega. Aliyekuwa hacheki ni mama wa msichana. Alisimama, akafunga kitenge chake upya, akauliza, "Basi mutoto wangu ameolewa, ao ameingizwa mu zizi?" Na hapo wakacheka tena, lakini msichana mwenyewe alikuwa analia, na nilipomwona analia ndipo niliishusha ile fimbo, kwa maana kesho mpaka unafunguliwa na mchumba wake anavuka, na mimi nilikuwa nimemfanyia mchezo siku ambayo ataikumbuka maisha yake yote.

Pasteri akanyamazisha watu. Akasema neno mchungaji sikuliiba, kwa kuwa lilikuwa la kwetu watu wa ng'ombe kwanza. Pasteri, alisema, ni jina la Kilatini la yule anayelisha wanyama, na wazee waliotafuta neno la kuligeuza kwa Kiswahili walitazama uwandani, wakaona watu kama mimi na fimbo zao, wakachukua jina letu wakawapa mapasteri. Padri ni baba, askofu ni mwangalizi, na wote hao mtu anaweza kuwaita hivyo wakiwa wamekaa kitini. Ila anayeitwa mlishaji lazima aulizwe.

"Niambie basi, ndugu yangu," akasema, bila ukali wowote. "Watu wangu umewalisha nini?"

Nikamkumbuka kuku. Nikakumbuka tangawizi. Mimi ndiye niliyekuwa nimelishwa.

Wachumba wakafungishwa ndoa upya, mara hii kwa maneno yanayofaa, nami sikukaa kuona. Nilikwenda chumbani, nikakunja blanketi la watu vizuri, nikamwamsha Furaha, nikamfunga mgongoni chini ya koti, nikamwambia Bahati ashike sufuria, tutoke kabla ya kutolewa. Manyunyu yalikuwa yameanza. Furaha akaniuliza, kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, "Yaya, tunaenda wapi?" nami nikavuta koti limfunike kichwa.

Mama Esteri alitukuta pale kizingitini. Nilidhani atanitukana, nikainamisha kichwa ili yapite juu. Akaweka mkono mgongoni mwangu, akampapasa mtoto shingo.

"Unamupeleka wapi? Bado iko na homa."

Nikasema chumba ni cha pasteri, na mimi si pasteri.

"Pasteri atalala mu kanisa, amekwisha kusema. Weye unafikiri tulikupa chumba kwa sababu ya ile koti?" Akamfungua Furaha mgongoni mwangu yeye mwenyewe. "Mutoto alikuwa anatetemeka. Ungesema unachunga ng'ombe, ungesema unachunga hata nyuki, mutoto angelala palepale. Kuku tu ndiyo usingekula."

Akamrudisha kitandani. Mimi nilibaki nje kwenye manyunyu mpaka koti likawa zito, kwa sababu kicheko nilikuwa nimekivumilia, lakini hilo halikuvumilika: kwamba nilidanganya siku zote zile, nikaharibu harusi ya watu, ili nipewe kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kupewa.

Tangu hapo mtu akiniuliza kazi yangu, siku hizi hata mwenye pikipiki anayetaka tu kuongea njiani, namwambia nachunga ng'ombe, ng'ombe wa pembe na mkia, na akiwa na haraka namshika mkono mpaka asikie neno la mwisho.