Tanzia Yenye Maelezo

Beldina Awuor alikuwa amefundisha darasa la pili huko Obunga miaka mingi bila cheti, na kila mwalimu mkuu aliyekuja alimkumbusha kwamba wasio na cheti siku zao zinahesabika. Mwaka wa tisini na mbili akajikaza, akajiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne. Hesabu hazikumtisha. Lililomkosesha usingizi ni fasihi, hasa ile tamthilia ya kale ya malkia anayeletewa habari kwamba mwanawe ameuawa vitani, akajimaliza, kumbe mwana yu hai, yuko njiani anarudi.

Jumamosi hiyo alisimama kwenye duka la vitabu la Mzee Mbarak, mjini Kisumu, matoleo mawili ya tamthilia ile yakiwa mbele yake.

"Hili jembamba lina maelezo huko mwishoni, mafupi mafupi," Mzee Mbarak alisema. "Hili nene, maelezo yako pembeni mwa kila ukurasa. Chagua, mwalimu. Kitabu si mume. Ukikosea, unarudisha."

Beldina alicheka, akavifungua vyote viwili mahali pamoja, pale mjumbe anapoingia. Kile chembamba kilisema: *Mjumbe: mtu anayepeleka habari.* Hata watoto wake wa darasa la pili walilijua hilo. Kile kinene kilisema: *Mjumbe huyu hasemi uongo. Aliondoka kabla ya kuisikia habari yote, na malkia anaijazia mwenyewe kwa hofu yake.*

Akaisoma tena sentensi ile. Akaukumbuka ujumbe wake mwenyewe.

Asubuhi, pale Otonglo, alikuwa amekutana na Nabututu, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, akielekea Usenge alikoishi mama mkwe wake Beldina. "Mwambie Mama leo siji," alimtuma. "Niko mjini natafuta tanzia yenye maelezo." Nabututu, aliyekuwa aking'ang'ana na magunia yake, aliitikia bila kugeuka.

Tanzia! Kwa Beldina siku zile neno hilo lilikuwa somo tu, kitu cha kupatia alama. Kwa mama mkwe wake, Mama Dorca, lilikuwa neno la redio, lile linalotangulia jina la marehemu. Na Ochieng, mume wa Beldina, fundi wa reli huko Nakuru, hakuwa ameandika barua tangu Pasaka. Mama Dorca alikuwa na presha. Daktari alikuwa amewaonya wasimshtue, kwani moyo wake haungestahimili.

"Mzee Mbarak, nimemuua mama mkwe wangu," Beldina alisema, akamweleza.

Mzee alivisukuma vitabu vyote viwili ndani ya mfuko. "Chukua vyote. Kimoja utakirudisha. Nenda!"

Safari nzima hakuliona ziwa. Alijiambia Nabututu ni msahaulifu, kisha akajijibu kwamba neno lenye kifo halisahauliki. Alipolikaribia boma alitega sikio. Hakukuwa na kilio, na kimya kile kilimwogopesha kuliko kilio.

Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa uani. Katikati yao Mama Dorca alikuwa chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekifungua. Nabututu alikuwa amemshika bega.

"Umefika," Mama Dorca alisema. "Niambie basi. Ochieng amekufaje?"

"Mama, Ochieng ni mzima! Hakuna aliyekufa." Beldina alivitoa vitabu. "Tanzia yenyewe ni hii. Ni mchezo wa kuigiza, wa huzuni. Ni wa mtihani wangu."

Kisha Nabututu akaruka.

"Wewe Beldina! Omena yangu nimeiacha ufuoni kunguru wanajilia, mimi hapa namwomboleza mtu wa reli aliye hai, halafu unaniambia kitabu?"

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Wengine wakamfuata. Mama Dorca hakucheka. Beldina alichutama, akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Nisamehe, Mama. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Nilitaka nifike kwenye maelezo."

"Maelezo gani, Mama?"

"Si huyu alisema yatakuwepo?" Alimwelekezea Nabututu kidevu. "Mwanangu Ogola alipofia kule kwenye kiwanda cha sukari, nililetewa telegramu. Ogola amefariki, njooni. Basi. Mpaka leo sijui alianguka au aliangukiwa. Sijui kama aliita mtu. Leo nikasema, haya, huyu wa pili angalau nitaambiwa."

Miaka yote ile Beldina alikuwa amemsikia mama huyu akimtaja marehemu Ogola, na hakuwahi kumsikia akiuliza.

Mama Dorca alikichukua kitabu chembamba, akakipima mkononi, akakirudisha. Akakifungua kinene na kupitisha kidole pembeni mwa ukurasa, juu ya maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Haya madogo ndiyo maelezo?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiki usikirudishe." Akajifunga kitambaa chake kichwani. "Nisomee. Anzia pale habari inapofika kwa huyo mama. Na haya ya pembeni usiyaruke."

Nabututu, aliyekuwa ameshasimama kwenda kufukuza kunguru, akakaa tena.